Mti uliopogolewa kichwa na mti uliokatwa kilele: tofauti iko wapi?

Kila mara miti mikubwa ya kando ya barabara inapokatwa na kubaki mashina matupu yasiyo na jani hata moja, mabishano huzuka papo hapo. Wapo wanaolalamika kwamba miti imeuawa, na wapo wanaojibu kwamba imepogolewa tu na itachipua upya. Pande zote mbili hutumia neno lilelile, kupogoa, kwa vitendo vinne vinavyotofautiana kwa lengo, kwa mahali pa kukatia na kwa kile kinachoupata mti baada ya miaka mitano au kumi. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana kutwa nzima kuhusu mti mmoja, kila mmoja akiwa na kitendo tofauti akilini mwake.

Kati ya vitendo hivyo vinne, kimoja hueleweka vibaya kuliko vingine vyote, nacho ni ule ukataji wa kichwa cha mti unaorudiwa kila baada ya miaka kadhaa, mahali palepale, kwa maisha yote ya mti. Kiingereza huuita mti wa namna hiyo pollard, jina lililotokana na neno lao la zamani lenye maana ya kichwa. Humu nitauita mti uliopogolewa kichwa, na namwomba msomaji autenge tangu mwanzo na mti uliokatwa kilele, ambao ni kitu kingine kabisa.

Kupogoa, kwa maana yake pana, ni kukata matawi ya mti, na wakulima wengi siku hizi husema pia kupruni. Katika upogoaji wa kawaida huondolewa tawi lililokauka, lililougua, linalosuguana na jingine au linaloziba mwanga, na mti hubaki na umbo lake pamoja na sehemu kubwa ya majani yake. Kitendo cha pili ni kuukata mti karibu kabisa na ardhi ili kisiki kichipue. Machipukizi huachwa yakawa fito au nguzo, huvunwa, na kisiki huchipua tena, kama inavyofanyika kwa mikaratusi katika nchi nyingi. Cha tatu ndicho kupogoa kichwa: shina huachwa na kimo cha mita 2 hadi 3, vyote vilivyo juu ya hapo huondolewa, na machipukizi yanayotoka pale juu huvunwa kwa zamu. Cha nne ni kukata kilele, yaani kuupunguza urefu mti uliokwisha kukomaa kwa kukata mashina yake manene popote msumeno unapofika, bila mpango wowote wa kurudi.

Siku ya kukatwa, kitendo cha tatu na cha nne hufanana sana machoni pa mpita njia, kwa kuwa vyote viwili huacha shina lililosimama uchi. Kinachovitenganisha ni yale yaliyotangulia na yatakayofuata. Mti uliopogolewa kichwa ulianza kukatwa ukiwa mchanga, na mwenye kuukata anajua atarudi lini. Mti uliokatwa kilele ulikua kwa uhuru miaka mingi, kisha siku moja ukapoteza karibu majani yake yote. Kwa hiyo jina halitolewi na umbo la mti wala na ukali wa msumeno. Linatolewa na ratiba, na mti usio na ratiba haustahili jina hilo hata kama kwa leo unafanana kabisa na wenye nayo.

Kimo kile cha mita 2 au 3 nacho kina sababu yake, na sababu hiyo ni mifugo. Chipukizi laini ni chakula kizuri kwa ng'ombe, mbuzi, farasi na kulungu, hivyo kisiki kinachochipua chini hakina budi kuzungushiwa uzio, la sivyo kitaliwa mpaka kife. Ukikatia juu ya kimo ambacho mdomo wa mnyama hufika, ardhi ileile hutoa malisho chini na kuni juu. Watu wa sehemu nyingi za Ulaya waliishi kwa mpango huo kwa karne nyingi. Huko Norwei na Uswidi matawi yenye majani yalikatwa wakati wa joto, yakafungwa matita na kukaushwa ili mifugo ipate chakula wakati wa baridi kali. Mti wa majani ya mifugo ulikatwa kila baada ya miaka 2 hadi 6. Mti wa kuni na fito ulisubiri kwa kawaida miaka 8 hadi 15. Na mwerebi wa kusukia vikapu uliweza kukatwa kila mwaka, kwa sababu msusi huhitaji vijiti vyembamba vinavyopindika bila kuvunjika.

Mpango huo uligusa hata haki ya mali. Katika sehemu nyingi za Uingereza shina lilihesabiwa kuwa la mwenye ardhi, na matawi yakawa ya wanakijiji wenye haki ya kukata kuni. Kwa mwanakijiji, mti uliopogolewa kichwa ulikuwa ghala la kuni lisilokwisha. Kwa mwenye ardhi, ulikuwa shina fupi lenye vifundo ambalo haliwezi kupasuliwa mbao ndefu. Mgongano huo uliingia katika sheria. Mwaka 1698, wakati jeshi la majini la Uingereza lilipohitaji mbao za mialoni kwa ajili ya meli, sheria ya kuhifadhi mbao katika msitu wa New Forest ilipiga marufuku kupogoa miti vichwa. Mwaloni maarufu wa msitu huo, unaoitwa Knightwood Oak, una umbo la mti uliopogolewa kichwa hapo kale, na unakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 500. Katika msitu wa Epping, kando ya London, kibarua mmoja wa Loughton aliyeitwa Thomas Willingale alipata umaarufu katika karne ya 19 kwa kuendelea kukata matawi wakati wenye ardhi walipotaka kuuzungushia uzio msitu. Sheria ya mwaka 1878 ilifungua msitu kwa umma lakini ikaikomesha haki ya kukata matawi, na wakazi wa Loughton walifidiwa kwa kujengewa ukumbi, Lopping Hall, uliofunguliwa mwaka 1884 na ambao jina lake lenyewe linahusu kukata matawi. Nitaurudia msitu huu baadaye, kwa sababu yaliyoipata miti yake baada ya msumeno kunyamaza yanafundisha zaidi kuliko yaliyoipata ulipokuwa ukifanya kazi.

Sasa tuingie ndani ya mti. Chini ya gome la miti mingi yenye majani mapana kuna macho yaliyolala, yaani vichipukizi vidogo ambavyo havijawahi kufunguka. Havifunguki kwa sababu ncha za matawi zilizo juu hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo huteremka kwenye shina na kuyazuia macho ya chini yasiamke. Ncha zikikatwa, kizuizi kinaondoka, na macho mengi huamka kwa pamoja. Nguvu ya kuchipua hutoka kwenye wanga ambao mti uliuhifadhi katika shina na mizizi wakati ulipokuwa na majani. Mti usio na majani hautengenezi chakula. Hula akiba yake mpaka majani mapya yapanuke na kuanza kuirudisha akiba hiyo.

Hapa ndipo inapoanguka ile kauli inayosikika kila mahali kwamba mti ni kama nywele, ukinyoa huota tena. Nywele zinazokatwa zimekwisha kufa na kuzipoteza hakumgharimu mwenye kichwa chochote, ilhali tawi ni hai, lina wanga wake, na majani yake ndiyo yanayoilisha mizizi. Chipukizi nyingi zinazotoka kwa kasi baada ya kilele kukatwa hudhaniwa kuwa ni dalili ya afya. Kwa kweli ni mti unaotumia akiba ya mwisho kujaribu kurudisha majani kabla mizizi haijaanza kufa kwa njaa. Mti mchanga unaopogolewa kichwa huipata hasara hiyo mapema, ukiwa na mwili mdogo wa kulisha, na hukua ukiwa umezoea kiasi hicho cha majani. Mti mkubwa uliokatwa kilele una mwili wa miaka 40 au 60 wa kulisha, na majani ya mche.

Kwa sababu hiyohiyo wakati wa kukata una uzito wake. Akiba huwa ndogo kabisa pale majani mapya yanapokuwa yamechanua lakini hayajaanza kulipa gharama yake, na kukata wakati huo ni kuupiga mti ukiwa hauna kitu. Katika nchi za baridi kazi hii hufanywa mwishoni mwa majira ya baridi, kabla macho hayajafunguka. Penye kiangazi na masika, wakati mzuri huwa mwishoni mwa kiangazi, mvua zikikaribia.

Ukiusogelea mti uliopogolewa kichwa kwa miaka mingi utaona pale juu uvimbe wa mbao uliojikunja, wenye makovu yaliyopandana, kila kovu likiwa ni alama ya chipukizi lililovunwa. Hicho ndicho kifundo, na ndicho moyo wa kazi yote. Ndani yake mna macho mengi yaliyolala pamoja na wanga mwingi, na mbao zake zimejaa kinga dhidi ya kuvu. Msumeno hupita kwenye shingo ya chipukizi, juu tu ya kifundo, na kidonda huwa na upana wa dole gumba au kidogo zaidi, ambao mti huufunika kwa misimu michache. Kosa baya ambalo mkataji asiyejua hulifanya ni kukikata kifundo chenyewe ili kusafisha mti au kuufupisha zaidi. Akifanya hivyo ameyatupa macho, wanga na kinga kwa pamoja, na ameacha kidonda kipana kwenye mbao za zamani.

Ulinganishe na mti uliokatwa kilele, miaka mitano baada ya msumeno. Kila shina lililokatwa huwa na uso bapa ulioanza kupasuka na kuwa mweusi katikati, na kuuzunguka uso huo, pembezoni mwa gome, husimama chipukizi ndefu zilizobanana. Tawi la kawaida lilianza pamoja na shina tangu mti ukiwa mdogo, kwa hiyo mbao zake na za shina zimesukana tabaka kwa tabaka mpaka ndani. Chipukizi hizi zimeshikamana na tabaka za nje tu. Zinapokuwa nene na nzito, upepo huzing'oa pamoja na kipande cha gome na ubao mwembamba nyuma yake, hasa kwa kuwa ubao ulio chini yao unaendelea kuoza. Hivyo mti uliokatwa kilele kwa jina la usalama huweza baada ya miaka kumi kuwa wa hatari kuliko ulivyokuwa kabla ya kukatwa, na mara nyingi huwa umekwisha kurudia urefu wake wa awali. Naona hili ndilo linalopaswa kusemwa kwa sauti zaidi kila tunapoambiwa kwamba miti imepogolewa kwa ajili ya usalama wa watu.

Kuoza nako kunaeleweka vibaya. Tumezoea kusema kidonda cha mti kimepona, lakini mti hauponyi kidonda kwa kuziba nyama iliyokatwa kwa nyama mpya. Alex Shigo, mtafiti wa magonjwa ya miti katika idara ya misitu ya Marekani, alipasua miti mingi kwa urefu wake ili kuona uozo unavyosafiri ndani, na mwaka 1977 alichapisha maelezo ambayo bado ndiyo msingi wa taaluma hii. Mti huizingira sehemu iliyojeruhiwa kwa kubadili kemikali za mbao zinazoizunguka na kwa kujenga tabaka jipya lenye nguvu kati ya mbao za zamani na zile zitakazoota baadaye. Uozo hubaki ndani ya mpaka huo, nao mti huendelea kuongeza mbao mpya kwa nje. Kidonda chembamba huzingirwa haraka. Kidonda kinachofika mbao za katikati ya shina nene huweza kuushinda mti, kwa sababu mbao hizo zimekufa na haziwezi tena kujikinga. Kupaka rangi au lami juu ya kidonda, jambo ambalo wengi hulifanya kwa nia njema, hakuzuii kuoza, na mara nyingine huweka unyevunyevu ambao kuvu hupenda.

Kutokana na maelezo hayo utaelewa kwa nini mti wenye mvungu si mti mfu. Mbao za katikati zilikuwa zimekufa hata kabla hazijaoza. Uhai wa shina uko kwenye tabaka za nje zinazopitisha maji na chakula. Miti iliyopogolewa vichwa kwa karne nyingi huwa na mvungu karibu yote, na bado husimama, kwa kuwa ni mifupi, taji lake ni dogo na upepo haupati pa kuishika. Hii ni sababu mojawapo ya miti mingi ya kale kabisa ya Ulaya kuwa na umbo hili. Mivungu hiyo hukaliwa na bundi, popo na wadudu wasiopatikana kwenye miti michanga, mmojawapo akiwa mbawakawa Osmoderma eremita, ambaye viluwiluwi vyake hukua ndani ya unga wa mbao zilizooza katika mashina ya aina hiyo.

Si kila mti unaokubali. Mwerebi, mwaloni, mforosadi, mwarobaini, mlonge na mgrevilea huchipua vizuri. Misonobari mingi haina macho hai kwenye mbao zake za zamani, kwa hiyo ukiondoa matawi yote yenye majani umeuua. Mnazi una kitovu kimoja tu cha kukulia, kilichofichwa katikati ya makuti, nao ukikatwa kichwa hauna namna nyingine isipokuwa kufa. Kuna miti jamii ya misonobari inayotoka kwenye kanuni hiyo: katika milima ya Kitayama, karibu na Kyoto nchini Japani, miti iitwayo sugi imekuzwa kwa karne nyingi kwa mtindo wa daisugi, ambapo shina la chini huachiwa matawi machache yenye majani, na juu yake hupandishwa fito zilizonyooka ambazo huvunwa bila kuukata mti wenyewe. Hata hapo, angalia kwamba majani hayaondolewi yote.

Sasa turudi Epping. Baada ya haki ya kukata matawi kukoma, wengi waliamini kwamba miti ingepumzika na kustawi. Kilichotokea ni kwamba machipukizi yaliyozoea kuvunwa kila baada ya miaka kadhaa yaliachwa yakue kwa zaidi ya miaka 100, yakawa mashina manene yaliyosimama juu ya kifundo kimoja, juu ya shina lenye mvungu. Uzito ulipozidi, vichwa vilianza kupasuka, na miti mingine ikagawanyika katikati. Kumbe kuacha kukata nako ni kuudhuru mti uliokwisha kuumbwa kwa kukatwa. Wala dawa yake si kurudi ghafla kwenye kifundo cha zamani: mti uliosahauliwa hivyo umekwisha kuwa mti mkubwa kwa mahitaji yake yote, na kuukata wote kwa siku moja ni sawa kabisa na kuukata kilele. Wanaoitunza miti ya namna hii leo huupunguza mzigo kidogo kidogo kwa miaka mingi, wakiacha sehemu ya majani kila mara na kusubiri chipukizi mpya zitoke chini kabla ya kushuka zaidi.

Kwa hiyo unapopita chini ya mti uliokatwa na kutaka kujua umefanyiwa nini, tazama kwanza mahali msumeno ulipopita. Ukiona vifundo vya zamani na vidonda vidogo vingi juu yake, mti umepogolewa kichwa na hakuna cha kuhofia. Ukiona nyuso bapa zenye upana wa kiganja au zaidi kwenye mashina yasiyo na kifundo chochote, mti umekatwa kilele, hata kama kibao kilichowekwa hapo kinasema umepogolewa. Ukiona mche wenye shina la unene wa mkono uliokatwa kwa kimo cha mtu aliyenyoosha mikono juu, huenda kazi ya kupogoa kichwa ndiyo kwanza inaanza, na swali la kumuuliza mwenye nao ni kama amepanga nani atarudi kuukata, na lini.

Mti mkubwa ambao haukuwahi kupogolewa kichwa ulipokuwa mchanga, na ambao sasa unagusa nyaya za umeme au paa la nyumba, hauwezi kuanzishwa upogoaji wa kichwa uzeeni. Unachoweza kufanyiwa ni kufupishwa tawi moja moja mpaka kwenye panda, pale ambapo tawi dogo linalobaki lina walau theluthi moja ya unene wa lile linaloondolewa, ili liweze kuchukua nafasi yake na kuendelea kulilisha shina. Kazi hiyo humlazimu mkataji apande, achague kila tawi na aache majani ya kutosha, nayo huchukua muda mrefu kuliko kupitisha msumeno mara tatu na kuondoka.